Fenesi la Kidichi

Nyumbani kwetu Kikwajuni, Jumapili ilianza kwa mlio wa pampu. Baada ya sala ya alfajiri, kabla hata mama hajainjika chai, ungemsikia baba uani akijaza upepo: fyuu, fyuu, halafu kimya, anabinya tairi kwa kidole gumba, halafu tena fyuu. Baiskeli yake ilikuwa Raleigh nyeusi aliyoachiwa na babu, nzito kama kitanda cha samadari, na mnyororo wake ulikuwa na mlio wa peke yake, kama mtu anayetafuna njugu.

Ami, mdogo wake baba, alikuwa na Phoenix. Kaka yangu alikuwa na kitu ambacho zamani kiliwahi kuwa Phoenix. Madigadi hakikuwa nayo, kengele hakikuwa nayo. Breki ya mbele ilishika siku ikitaka, na ya nyuma ilikuwa kandambili yake mwenyewe, anayoikandamiza kwenye tairi akitaka kusimama. Wa nne alikuwa jirani yetu, fundi cherehani, rafiki wa baba tangu skuli. Yeye ndiye aliyechukua spana, vipande vya tyubu kuukuu, msasa na solushen, na kwa sababu hiyo alikaa nyuma kabisa ili aone nani kapata pancha. Tukitoka mtaani wanawake walikuwa wakisema, "Haya, hao bwana harusi wanakwenda kuoa shamba."

Shamba kwetu si lazima liwe konde la mtu. Mtu wa mjini Unguja akisema anakwenda shamba, ana maana ya kisiwa chote kilichobaki, kuanzia pale nyumba zinapoanza kuachana na minazi kukaribiana. Kila Jumapili ambayo haikunyesha tulikwenda huko. Wiki moja Fuoni, wiki nyingine Mwera, mara moja tulifika mpaka Unguja Ukuu, na ami alilala siku mbili kwa kiuno.

Nilikuwa mtu wa keria mpaka nilipofika umri wa miaka 12. Mwaka huo, 1993, ami alinunua baiskeli ya pili kwa ajili ya duka lake, na Jumapili duka likifungwa niliipata mimi. Ilikuwa ya mtu mzima. Kwenye kiti sikufika, kwa hiyo niliendesha kama watoto wote wa wakati ule: mguu mmoja umepitishwa ndani ya fremu, mwili umening'inia upande, kichwa chini ya mkono wa usukani. Ukiendesha hivyo huoni kitu isipokuwa gurudumu la mbele na hatua mbili za barabara. Lakini nilikuwa naendesha, na hilo lilinitosha.

Jumapili ninayoisema ilikuwa ya Desemba, skuli zimefungwa. Safari hii nilichagua mimi. Mwenzangu wa darasani alikuwa amepelekwa Mangapwani na mjomba wake, akarudi na maneno ya wiki nzima: pango la matumbawe lenye maji baridi ndani yake, na kando kidogo kile chumba cha chini ya ardhi walimofichwa watumwa, soko la mjini lilipokwisha kufungwa mwaka 1873 na biashara ikawa inaendelea kwa wizi. Alisema alishuka ngazi peke yake. Sikumwamini, na nilitaka kushuka ili nimwambie simwamini.

"Mangapwani," nilimwambia baba.

"Mangapwani," alikubali, akaendelea kujaza upepo.

Kutoka kwetu hadi huko ni kilomita ishirini na kitu. Kaka alipiga hesabu: tukitoka saa moja, saa tatu tumefika. Hesabu ilikuwa nzuri, ila hakumtia baba ndani yake.

Sijapata kueleza vizuri jinsi baba alivyokuwa akiendesha. Alikuwa hapiti mtu. Alimwona mtu barazani kwake, akapunguza mwendo; akiitikiwa salamu, akashuka. "Wazima nyote?" "Alhamdulillahi." "Na mzee?" Mzee alikuwa na kikohozi; basi lazima tuingie tukamwone mzee. Tulisimama Darajani. Tulisimama Saateni. Pale Marahubi, penye nguzo za jumba la Sultani Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, nilidhani tunasimama kutazama nguzo. Kumbe baba kamwona mvuvi mmoja anayedaiwa na ami, akataka wasalimiane kabla hawajaonana vibaya. Mtoni tulitoa mkono wa pole kwa msiba wa miezi miwili iliyopita. Kibweni sikumbuki kwa nini tulisimama, nakumbuka tu kwamba nilikaa juu ya kifuu nikichimba mchanga kwa kidole cha mguu, na kaka ameinamisha uso akinung'unika, "Huyu haendeshi baiskeli, anaamkia."

Saa nne na nusu ndiyo tuliyofika Bububu, kilomita kumi tu kutoka mjini. Hapo tukala muhogo na chai, na fundi na ami wakaanza ugomvi wao wa kila tulipopita pale. Fundi alishika kuwa jina la Bububu limetokana na ile reli ya zamani iliyoanza kazi mwaka 1905, maili saba kutoka mjini, kwa mlio wa gari lake la moshi: bu-bu-bu. Ami alisema hapana, ni maji ya chemchemi yanavyotoka ardhini, ile ile ambayo Seyyid Barghash aliitandikia mabomba hadi mjini. Nilipokuwa mkubwa nilikuja kusoma kwamba Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, ameitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, miaka 19 kabla ya reli. Kwa hiyo ami alikuwa na haki, au angalau fundi alikosea. Wakati nilipolijua hilo fundi alikwisha tangulia mbele ya haki, na ami hakutaka tena kushinda.

Tulipomaliza chai baba akasema, "Tupande Kidichi mara moja. Tukamwamkie mwalimu."

Kidichi haiko kwenye njia ya Mangapwani. Kidichi unaiacha barabara ya pwani, unapanda kulia kwenye mikarafuu, na unapanda kweli. Nilisukuma baiskeli karibu nusu ya njia, machozi karibu, na sikuona aibu kwa sababu jasho lilikuwa jingi. Baba alinionyesha yale mahamamu ya kuogea ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Tuliingia tukatoka. Nakumbuka ubaridi wa kuta za chokaa, basi.

Mwalimu alikuwa ndiye aliyemsomesha baba Kurani utotoni. Alikuwa amepofuka miaka mingi. Alikuwa amekaa barazani juu ya jamvi, na hatujafika hata kwenye mchungwa wa mbele ya nyumba, hatujapiga hodi, akasema kwa sauti, "Baiskeli hiyo bado haijafa?" Alimjua baba kwa mnyororo.

Tukamwamkia. Mimi akaniita karibu, akanishika kichwa, akashuka mpaka mabegani kama anayepima kanzu.

"Umekuja kwa miguu yako au umepakiwa?"

"Nimeendesha, mwalimu."

"Vizuri. Basi nambie, ule mwembe wa pale njia inapopinda, kabla ya mlima, umekatwa au bado upo? Nasikia walitaka kupitisha nguzo za umeme."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimepita pale nusu saa iliyopita. Nilijaribu kukumbuka, nikaona gurudumu.

"Sijui, mwalimu."

"Haukuuona?"

"Sikutazama."

Hakucheka wala hakunikemea. Alimgeukia baba, na baba, ambaye kwa ghadhabu zangu zote nilimhesabu kuwa mtu wa kupoteza wakati, akaanza kumsimulia njia nzima kutoka mjini: nani kaezeka upya na kwa bati la rangi gani, kisima gani kimekauka, mnazi gani umepigwa na radi, mtoto wa nani kaanza kutembea, nani kamsalimia kwa furaha na nani kwa shingo upande. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa, mara anauliza, "Upande wa kulia au kushoto?" Kaka na mimi tulitazamana. Habari ya mwembe tu ndiyo ambayo baba hakuisema. Alisema, "Huo atakuletea mwenyewe."

Tulipoaga, mwalimu alituongoza kwenye mfenesi nyuma ya nyumba. Alitembea kwa kugusa vigogo. Alikuwa analibisha fenesi kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: lililo changa hujibu kwa mlio mkavu, mkali; lililokomaa hujibu zito, kama mtu anayeitika akiwa usingizini. La nne ndilo lililoitika. Ami alilikata kwa panga, utomvu mweupe ukatiririka kwenye kikonyo, na fundi akalivika gunia ili lisichafue.

"Gunia nalitaka, lakini," alisema mwalimu.

Lilikuwa fenesi la kubebwa na watu wawili. Tulilifunga kwenye keria ya kaka kwa mipira ya tyubu, mizunguko sita, kwa sababu keria yake ndiyo iliyokuwa pana. Hakuna aliyekumbuka kwamba keria hiyo iko kwenye baiskeli inayosimama kwa kandambili.

Kuteremka Kidichi ni kitu kingine. Upepo unakuja na harufu ya karafuu, kwani ulikuwa msimu, na kila uwanja umetandikwa majamvi ya karafuu zinazoanikwa, nyingine bado za kijani, nyingine zimekwisha iva rangi ya kahawia. Kaka alinipita akipiga kelele, nikadhani anafurahi. Kandambili ilikuwa imekatika ukanda. Aliinua miguu yote miwili, akaingia kwenye majani kwa hiari yake mwenyewe, akaanguka salama. Mipira ya tyubu haikustahimili. Fenesi lilitoka guniani kama mtoto anayezaliwa, likapiga chini, likapasuka ubavu, na likaendelea na safari peke yake mpaka kwenye jamvi la mama mmoja aliyekuwa akigeuza karafuu zake kwa mkono.

"Ole wangu! Karafuu zangu!"

Lilikata jamvi katikati. Karafuu zilitawanyika mchangani kila upande, na zile zilizokuwa njiani mwake zilinasa kwenye utomvu, ubavu mzima, zimejipanga kama misumari ya mlango wa Kizanzibari. Tulisimama tukilitazama. Fundi ndiye aliyeanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

Hakukuwa na la kufanya ila kuokota. Tulipiga magoti, watu wazima watatu na watoto wawili, tukaokota karafuu moja moja, tukapuliza mchanga, tukarudisha jamvini. Zilizonasa tulizibandua kwa kijiti, na vidole vyetu vikanasana vyenyewe. Baba alikuwa ameshaanza: "Mama, wewe ni wa ukoo gani hapa Kidichi?" Kabla ya kumaliza robo ya jamvi ikajulikana kuwa marehemu mumewe alikuwa baharia pamoja na babu yetu upande wa mama. Akatuletea maji ya kunywa. Akatuletea mafuta ya nazi ya kusugulia vidole. Adhuhuri tukaisali uwanjani kwake, tukaendelea kuokota, na akatukatia madafu.

Nilikuwa nimepiga magoti pale, nimechoka kuinamia mchanga, niliponyanyua kichwa. Mbele kidogo, njia ilipopinda, ulikuwepo mwembe. Haukukatwa, umekatwa matawi ya upande mmoja tu ili waya zipite, kwa hiyo ulionekana kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa na kinyozi akaitwa nyumbani. Upande uliobaki ulikuwa na maembe mabichi. Niliyahesabu yaliyoonekana, nikafika 31.

Tuliingia Kikwajuni sala ya Magharibi imekwisha. Kaka alikuwa peku, fenesi sasa liko kwenye keria ya Raleigh, na baba anakwenda kwa miguu akilishikilia kama mgonjwa. Mama alipaka mafuta mikono yake na kisu, akalipasua pale pale uani kwa taa ya chemli, maana umeme ulikuwa umekatika. Majirani walikuja kwa harufu. Kokwa alizitia chunguni zichemshwe kwa asubuhi. Lile fenesi lilikuwa na ladha ya karafuu upande mmoja, na watu walilisifu wakiuliza ni aina gani.

"Na Mangapwani je?" aliuliza mama.

"Ipo," alisema baba.

Sikusema kitu. Nilikuwa nimekasirika bado, ila nilikuwa nakula.

Jumapili iliyofuata, pampu ilipoanza, nilitoka uani mwenyewe kabla hajaniita. Baba alikuwa anatia mafuta mnyororo.

"Leo wapi?" aliuliza.

"Mangapwani."

"Mangapwani," alikubali. "Lakini mwalimu analitaka gunia lake."

Nilikuwa nimekwisha lifua tangu Alhamisi. Lilikuwa limekunjwa, limefungwa kwenye keria yangu.