Hela imetoka, ila boti mpya hatununui

Jamani hela imetoka! Ile meseji naisoma tangu juzi utadhani nimeposwa, maombi yetu ya ruzuku ya kukarabati banda la boti na kujenga gati la klabu yetu ya kupiga makasia yamekubaliwa, na hii ni mara ya tatu tunaomba, mbili za kwanza tulipigwa chini.

Grupu la klabu si likawaka moto. Hata dakika kumi hazijaisha mtu keshatupia picha ya boti mpya ya watu nane, inang'aa hiyo, eti "mzigo huu hapa". Nikacheka ila moyoni nikasema tumeanza, maana fomu nimejaza mimi na najua mle ndani boti haimo. Hela ya majengo ni ya majengo, ukiipeleka kwingine utakuja kuitapika yote.

Na hata kama wangeturuhusu mi ningekataa. Boti ya watu nane ina mita 17 na ushee, halafu mashindanoni uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 96 tu, sasa gawa hizo kilo kwa huo urefu uone, yaani ni ganda, ukiligonga na kiwiko linaitika kama dumu tupu. Kitu hicho ndo tunakibeba mabegani alfajiri giza totoro, mshika usukani yuko mbele anapiga kelele kulia kulia, shusha taratibu, tunateremka kwenye mawe yenye utelezi mpaka maji yafike magotini ndo tuiweke. Mwaka jana mwenzetu mmoja wa katikati akateleza, boti ikakalia jiwe, ikatoa mlio mmoja mfupi tu krrch, na wote tukanyamaza. Ufa wa urefu wa mkono. Siku hiyo hakuna aliyeshika kasia, tulikaa tunautazama ule ufa kama tuko msibani, baadaye tukauziba wenyewe na fiberglasi na mpaka leo ukipitisha kiganja pale unakisikia kiraka. Sasa niambie, boti mpya unaileta ije ipite njia ipi?

Ndo maana cha kwanza ni gati la kuelea. Fundi mmoja alitaka kutuuzia wazo la gati la zege, eti litadumu, nikamuuliza maji yakishuka tunaruka? Linatakiwa lipande na kushuka na maji, na ukingo wake ukae chini kabisa, haifiki hata shubiri moja juu ya maji, ili vile vyuma vinavyoshika makasia vipite juu ya gati bila kugonga. Likishakuwepo unaiweka boti ubavuni mwake, unaingia ukiwa mkavu, basi.

Halafu rafu za kulazia boti. Zetu ni mbao za zamani, mihimili imekaa vibaya, boti inalala inabonyea katikati kama kitanda cha kamba, na paa lina tundu, jua linapita hapo linaipiga boti ileile moja kila mchana.

Vyumba vya kubadilishia nguo hata sijui niseme nini. Kwenye Olimpiki wanaume wanapiga makasia tangu 1900, wanawake wakaruhusiwa 1976 kule Montreal, banda letu bado liko 1900: chumba kimoja, kitasa kibovu, dada zetu wanashikiana taulo mlangoni. Na hao ndo wengi klabuni sasa hivi!

Ila kilichotupatia hela nadhani ni kingine. Fomu mbili za kwanza tuliandika medali medali mwanzo mwisho. Kisha akaja dada mmoja wa kiti cha magurudumu, akajaribu ile mashine ya mazoezi ya ndani, muda wake ukawa bora kuliko wa nusu yetu. Akafuta jasho akauliza, haya, majini ni lini? Tukaangaliana. Mchezo huu uko Paralimpiki tangu 2008 halafu sisi hatuna hata njia ya mteremko ya kumfikisha kwenye maji. Fomu ya tatu nikaianza na hilo swali lake, medali sikuzigusa kabisa.

Sasa msidhani hela iko mfukoni. Inakuja kwa awamu, kila kazi kotesheni tatu, risiti zote, picha kabla na baada, na mhasibu wetu ameshaanza kuwa mkali, juzi kanidai risiti ya misumari ambayo hata hatujanunua.

Jumamosi tunabomoa rafu za zamani. Mzee wetu wa banda anataka boti zote ziwe nje kwenye nyasi kabla jua halijawa kali, kwa hiyo njooni mapema, na glavu. Na wewe uliyetuma ile picha, utabeba ile yenye kiraka, upande wa kiraka.