Kuchora hakusubiri mitihani iishe

Leo nimechora tena mkono wangu wa kushoto na safari hii kidole gumba kimekubali. Kwangu hiyo ni habari kubwa jamani, maana gumba ni kigumu kuliko vidole vingine vyote, hakikai kwenye mstari na wenzake, kinatokea pembeni huku chini karibu na kifundo, afu kuna ile nyama iliyovimba kwenye kiganja ambayo ukiisahau tu mkono mzima unaonekana kama glovu imewekwa mezani. Leo nimeanza na hiyo nyama kwanza, gumba nikalimalizia mwisho, na likakaa.

Sasa wakati nachora mwenzangu mmoja tunayesoma naye akaniuliza, "we mwenzetu muda wa hivi vitu unaupata wapi na testi ni wiki ijayo?" Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anashangaa kweli, na kilichonigusa ni kwamba yeye mwenyewe anapiga gitaa, au tuseme alikuwa anapiga, sahivi gitaa liko juu ya kabati na anasema atalishusha akimaliza chuo. Nilimjibu kifupi tu maana alikuwa anawahi kipindi, ila swali nimebaki nalo kutwa nzima.

Jibu langu ni kwamba muda wa kuchora siupati, nautenga. Maana masomo hayana siku yanayokuambia haya sasa yameisha nenda kapumzike. Ukimaliza asaimenti kuna nyingine, ukimaliza kusoma chapta unakumbuka ile ya juzi hujaielewa vizuri, mitihani ikipita yanakuja matokeo, afu semista mpya, na huko mbele kuna kazi nayo haiishi. Kwa hiyo mtu anayesema nitachora nikimaliza kusoma anamaanisha hatachora, hata kama mwenyewe hajui kwamba ndicho anachosema. Hobi ikiwekwa kama zawadi ya kumaliza kazi basi haitafika zamu yake, lazima iwe na saa yake kwenye ratiba iliyoandikwa kwa kalamu kama kipindi kingine chochote.

Mimi nina muda mfupi mfupi jioni siku za wiki na muda mrefu mmoja wikiendi, na ule wa wikiendi ndio nauandika wa kwanza kabisa kabla sijapanga kitu kingine. Zile jioni ni za mazoezi, nachora sikio, nachora mkunjo wa nguo, kiatu, chochote kilicho mbele yangu. Wikiendi ndio nakaa na picha moja mpaka itoke. Na nimegundua kwamba kinachokula muda sana ni kuanza kutafuta vitu, ufutio uko wapi, penseli haijachongwa, daftari liko chini ya notsi, mpaka uvipate simu imeshaita na hamu imekata. Daftari langu la kuchorea linakaa wazi juu ya meza na penseli ziko pembeni zimechongwa tayari, HB ya kuanzia mistari hafifu, 2B na 4B za kutia vivuli, 6B pale panapotaka weusi wa kweli kama ndani ya pua au chini ya kidevu.

(Penseli zenyewe nazipenda mpaka nikasoma zinavyotengenezwa. Ile risasi ya ndani ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha ikachomwa, Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ndiye aliyeisajili njia hiyo mwaka 1795. Udongo ukizidi inakuwa ngumu na mstari unatoka mwembamba wa kijivu, hizo ndizo za H, grafaiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, hizo ndizo za B. Tangu nijue hilo nikiishika 6B naelewa kwa nini inaisha haraka na kwa nini inachafua mkono.)

Kuna ile njia ya kusoma dakika 25 unapumzika dakika 5, ya Mwitaliano Francesco Cirillo aliyoianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa naye mwanafunzi wa chuo. Kwenye kusoma naitumia na inanisaidia sana hasa siku ambazo somo lenyewe silipendi. Kwenye kuchora sitaki hata kuisikia, dakika 25 ndio kwanza mkono umepata moto na jicho limeanza kuona vivuli vizuri, afu kengele ilie? Hapana. Hobi yangu naipa mwanzo wa saa na mwisho wa saa, katikati hapo iachwe.

Muda wenyewe siutoi kwenye usingizi pia, hilo nimelishikilia sana. Tukilala ndipo ubongo unapokazia tulichojifunza mchana, iwe ni somo au ni mkono kuzoea mstari, sasa ukikesha unachora baada ya kukesha unasoma unapoteza vyote viwili. Muda wangu mwingi umetoka kwenye simu, hasa video za watu wanaochora. Ni tamu kweli kuzitazama, unaona mtu anatoa uso mzima kwa dakika chache na unajisikia kama na wewe umejifunza, lakini mkono wako haujagusa karatasi. Sasa hivi naangalia moja nikiwa nimekwama kwenye kitu fulani, nikishaona alivyofanya naifunga narudi kwenye daftari.

Watu wengi wakitetea hobi wanasema itakusaidia kwenye masomo. Ni kweli inaweza, mimi nasoma baiolojia na mchoro niliouchora kwa mkono wangu nausahau kwa shida sana kuliko ule niliopiga picha ubaoni. Tena kwenye fani yetu kuna Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania, utotoni alitaka kuwa msanii, baba yake akamtaka awe daktari, basi akaja kukaa na hadubini anachora seli za neva moja moja kwa wino, na mwaka 1906 akapata tuzo ya Nobel pamoja na Camillo Golgi. Michoro yake bado inatumika kwenye vitabu vya leo, nikiiangalia vile matawi yanavyogawanyika naona kabisa huyu mtu alikuwa anafurahia.

Ila mimi ninayempenda zaidi ni Alexander Borodin, Mrusi, profesa wa kemia ambaye muziki alikuwa anautunga kwenye nafasi alizozipata katikati ya maabara na wanafunzi. Kuna opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, aliianza 1869, akawa anaishika na kuiacha, mpaka anafariki 1887 ilikuwa haijaisha na wenzake ndio wakaimalizia. Miaka 18! Wapo watakaosema angechagua kimoja. Mimi naona alikuwa na miaka 18 ya kuwa na kitu chake moyoni ambacho hakuna aliyekuwa anakisahihisha wala kukipa maksi, na hicho ndicho ninachokitetea hapa. Mchana kutwa kila ninachofanya kinapimwa. Daftari la kuchorea ni mahali pekee ambapo naweza kutoa kitu kibaya na kisiniharibie chochote, nafungua ukurasa mwingine naendelea. Ndio maana hata wakiniambia nianze kuuza picha au niwe napost kila siku nakataa, maana siku ikiwa na wateja itakuwa na tarehe za mwisho, na tarehe za mwisho ninazo za kutosha.

Najua wapo wanaosoma huku wanafanya kazi na wengine wana watoto wadogo, kwao saa nzima ni ndoto na siwezi kuwaambia wapange ratiba tu kana kwamba ni rahisi. Nadhani hata hivyo kitu kidogo kinachoshikwa mara kwa mara kinabaki hai, mwenye gitaa apige nyimbo moja tu vidole visilainike.

Wiki ijayo ya testi ule muda mrefu wa wikiendi nautoa, nautumia kusoma, za jioni nazibakisha ziwe fupi zaidi. Mwenzangu nimemtumia meseji nikamwambia alishushe gitaa aje nalo Jumapili baada ya testi, yeye apige mimi nichore mikono yake ikiwa kwenye nyuzi, kwanza vidole vinavyobana nyuzi ni vigumu kuchora na nahitaji mtu akae navyo muda mrefu. Amejibu nyuzi mbili zimekatika, atazibadilisha.