Siku Waamuzi Walipobishana Kuliko Wasemaji

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha sita, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, katika shule moja ya bweni mjini Tabora. Miaka hiyo mihadhara ya dini ilikuwa imepamba moto katika miji mingi ya Tanzania, Waislamu na Wakristo wakichambuana vitabu hadharani kwa vipaza sauti, na uongozi wa shule ulikuwa umepiga marufuku mada za dini katika midahalo yetu ya Jumamosi. Kwa hiyo tulishangaa mwalimu mlezi wa mdahalo alipobandika karatasi yenye mada isemayo kwamba ulimwengu una Muumba. Baadaye tulisikia namna alivyomshawishi mkuu wa shule: kwa mada hiyo Waislamu na Wakristo wangeketi upande mmoja wa meza, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na amani ya shule ingepata faida.

Tatizo likawa kumpata wa kuketi upande wa pili. Wanafunzi wa TYCS (umoja wa Wakatoliki), wa UKWATA (umoja wa Waprotestanti) na wa jumuiya ya Kiislamu walijiandikisha kuitetea hoja mpaka majina yakahamia nyuma ya karatasi, ilhali safu ya wapingaji ilibaki nyeupe. Haikuwa hofu ya kushindwa. Katika jamii yetu mtu anaweza kuwa mlevi, mdeni sugu, hata mchawi wa kusemwasemwa, na bado akahesabiwa kuwa ni mtu wa dini fulani. Lakini asiyemwamini Mungu kabisa watu hawajui hata wamzike vipi, na hakuna aliyetaka jina lake lisomwe ubaoni chini ya upande huo. Mwishowe mlezi akaamua kwamba sisi wa PCM ndio tungepinga, kwa sababu tu tulisoma fizikia, kana kwamba kanuni za mwendo ziliandikwa na mkanamungu. (Newton, kwa taarifa ya yeyote anayedhani hivyo, aliacha maandishi mengi sana juu ya Biblia.) Nikakubali kuwa msemaji mkuu. Jirani yangu wa kitanda alinitaka nitamke mbele yake kwamba ni mchezo wa maneno tu. Nikatamka, akalala kwa amani.

Kwangu mada hiyo haikuwa ngeni kabisa. Nililelewa na babu, na katika chuo cha Kurani nilichosoma utotoni tulikariri sifa ishirini za Mwenyezi Mungu kwa sauti ya kuimba: kuwapo, kutokuwa na mwanzo, kutokuwa na mwisho, na kuendelea. Tulifundishwa pia kwamba ulimwengu wote ni wenye kuzuka, na kwamba kila chenye kuzuka hakina budi kuwa na aliyekizusha. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo miaka mingi bila kuyauliza swali lolote, na sasa, katika maktaba yetu yenye kamusi elezo zilizopitwa na wakati, nikaanza kuyatafutia wapinzani.

Jumamosi yenyewe bwalo lilijaa hadi madirishani. Waamuzi walikuwa watatu: padri wa mjini aliyewahi kufundisha seminarini, ustadhi aliyetufundisha maarifa ya Uislamu, na mwalimu wetu wa fizikia, mama mmoja mpole aliyesomea Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ambaye hakupenda kabisa kusimama mbele ya watu.

Mtoa hoja wa kwanza alikuwa kijana kutoka Kigoma, msemaji hodari, na hakuanza na Kurani wala Biblia. Alianza na anga. Alitueleza kwamba mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble alionyesha kuwa magalaksi, yale makundi makubwa ya nyota, yanazidi kuachana, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokwenda kwa kasi zaidi. Kwamba mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza mnururisho hafifu unaotufikia kutoka kila upande wa anga, joto lililosalia la enzi ambayo ulimwengu ulikuwa moto na umebanana. Na kwamba kwa kuurudisha mwendo huo nyuma tunafika kwenye mwanzo, Mlipuko Mkuu. Vitabu vyetu wakati huo viliuweka mwanzo huo kati ya miaka bilioni 10 na 20 iliyopita; leo hesabu imetulia karibu na bilioni 13.8. Kisha akainua kidole. Kilicho na mwanzo kina mwanzilishi, akasema, na sayansi yenyewe imepiga magoti. Bwalo likalipuka kwa vifijo, takbira zikichanganyika na aleluya, na nadhani wakati huo mlezi wetu alijiona amefaulu.

Mimi nilipanda nikiwa na mambo matatu. Nilisema kwanza kwamba ikiwa kila kitu lazima kiwe na muumba, basi na Muumba naye aonyeshwe muumba wake, na ikiwa Yeye anaruhusiwa kukosa, kwa nini ulimwengu usiruhusiwe? Pili, nilisema kwamba mwanafalsafa Aristotle aliuona ulimwengu kuwa wa milele, na kwamba hata katika karne ya 20 mwanaastronomia Fred Hoyle na wenzake walitoa mwaka 1948 nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, ambao hutanuka huku maada mpya ikizuka kidogo kidogo. Tatu, nilimtaja mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, ambaye mwaka huohuo wa 1948, akibishana na Padri Frederick Copleston katika redio ya BBC, alisema kwamba ulimwengu upo tu, basi. Kutoka nyuma mtu alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya kutosha. Sentensi ya Russell ilinipa hofu hata mimi niliyeisema.

Kwa utaratibu wetu waamuzi walipaswa kutoa alama na maoni mafupi, kisha kengele ya chakula igongwe. Padri alisimama wa kwanza, akaomba dakika chache, na ndipo mdahalo wa kweli ulipoanza.

"Wanangu," alisema, "hoja ya Mlipuko Mkuu imetolewa vizuri, lakini kama uthibitisho wa Mungu mimi siipi alama." Bwalo likanyamaza. Akatueleza habari ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia: kwamba aliyeanza kutoa nadharia hiyo, mwaka 1927 na tena kwa uwazi zaidi mwaka 1931, alikuwa padri Mbelgiji, Georges Lemaître, profesa wa Leuven, na kwamba padri huyo hakutaka itumike kama mahubiri. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alipowahutubia wanasayansi wa Vatikani akaonekana kuifungamanisha nadharia ile na neno la kitabu cha Mwanzo kwamba iwepo nuru, Lemaître hakufurahi. Alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya swali la dini, na kwamba inamwachia hata asiyeamini uhuru wake wa kutoamini. Kisha padri akamleta Thomas wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa Katoliki, aliyefundisha katika karne ya 13 kwamba mwanzo wa ulimwengu tunaujua kwa imani, haupatikani kwa akili peke yake, na aliyeonya kwamba muumini akileta hoja legelege anawapa wasioamini nafasi ya kucheka.

Kijana wa Kigoma alikuwa ameduwaa. Padri akaendelea kwa mfano wa kale, uliotumiwa na askofu Agostino na kisha na Thomas: tuseme mguu umekanyaga vumbi tangu milele, bila siku ya kwanza, unyayo nao ungekuwapo tangu milele, na bado nani angekana kwamba ni mguu uliouweka? Ulimwengu usio na mwanzo ungemhitaji Mungu kila dakika kama ule wenye mwanzo. Kuumba, alisema, ni kushikilia kitu kisirudi katika kutokuwapo, na saa ya ngapi kilianza ni swali jingine.

Ustadhi alikuwa ametulia muda wote akipekua shanga za tasbihi. Alisimama taratibu. "Padri, kwa heshima yako," alisema, "umewapa vijana wa upinzani nusu ya nyumba." Akatukumbusha kwamba rai hiyo ya ulimwengu usio na mwanzo unaomtegemea Mungu ndiyo rai ya mwanafalsafa Ibn Sina, na kwamba mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, kuelekea mwisho wa karne ya 11, aliandika kitabu kizima kuwapinga wanafalsafa katika masuala 20, na katika matatu kati ya hayo, la milele ya ulimwengu likiwa mojawapo, akahukumu kuwa ni ukafiri. Kisha akachukua chaki. Kwa elimu ya nyota ya zama zile jua huzunguka mara moja kwa mwaka na sayari ya Zohali mara moja kwa miaka 30. Kama anga imezunguka tangu milele, mizunguko ya Zohali ni sehemu moja ya thelathini ya mizunguko ya jua, na bado zote mbili hazina idadi. Inakuwaje kisicho na mwisho kiwe sehemu ya kisicho na mwisho? Na mizunguko hiyo ni shufwa au witiri? Aligeuka kunitazama mimi. "Na wewe kijana wangu, hakuna mwanazuoni aliyesema kila kitu kina muumba. Tulisema kila chenye kuzuka. Ulisomeshwa hivyo chuoni, sivyo?" Wanafunzi wakacheka, nami pia nikacheka, kwa kuwa alikuwa amejibu la kwanza tu, la Russell lilikuwa bado limesimama palepale.

Mwalimu wa fizikia aliombwa aseme, akakataa, akaombwa tena, akainuka na kuichukua chaki mkononi mwa ustadhi. Chini ya Zohali aliandika safu mbili, ya namba zote na ya namba za shufwa, akaziunganisha moja kwa moja kwa mistari, akasema kwamba tangu mwanahisabati Georg Cantor katika karne ya 19 wanahisabati hawaoni tena ajabu kwa kisicho na mwisho kulingana na sehemu yake. Hilo, aliongeza, halisemi kama idadi isiyo na mwisho inaweza kupatikana katika vitu halisi. Linasema tu kwamba haina mkanganyiko kwenye karatasi. Kuhusu Mlipuko Mkuu alikuwa mkali kuliko nilivyomzoea. Tunachojua, alisema, ni kwamba ulimwengu ulikuwa moto sana na umebanana sana, na kwamba umekuwa ukitanuka tangu hapo. Tukizidi kurudi nyuma, kabla hata sekunde ya kwanza haijaanza kuhesabika, nadharia ya Einstein inavunjika mikononi mwetu. Hakuna mlingano ulioandikwa "hapakuwa na kitu" upande wa kushoto na "pakawa na kitu" upande wa kulia. Nadharia ya Hoyle niliyoileta mimi aliimaliza kwa sentensi moja: mnururisho wa mwaka 1965 uliiua. Pengine, alimalizia, hata neno kabla halina maana pale, ikiwa wakati wenyewe ulianza na ulimwengu.

"Agostino!" padri akasema kwa furaha. Askofu yule wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, aliandika miaka 1,600 iliyopita kwamba Mungu aliumba ulimwengu pamoja na wakati, si ndani ya wakati. Ustadhi akajibu kwamba Ghazali alisema vilevile, na kwa muda mfupi wakawa wamekubaliana, lakini hawakudumu, kwa sababu padri alimtaja mwanafalsafa Ibn Rushd aliyemjibu Ghazali karne moja baadaye huko Andalusia, na ustadhi akaichukua tena chaki.

Nilikuwa nimetarajia jioni ya waumini dhidi yangu. Nilichokiona ni kwamba maswali mawili yaliyokuwa yamefungwa katika karatasi moja ya mada yalikuwa yamefunguka: kama ulimwengu ulianza, na kama ulimwengu unategemea kitu kingine ili uwepo. Darubini inaweza kusema neno juu ya la kwanza na haina la kusema juu ya la pili. Ghazali alilitegemeza la pili juu ya la kwanza, Thomas akayatenganisha, na kwa maoni yangu, niliyo nayo hadi leo, Thomas ndiye aliyekuwa sahihi, ingawa malipo ya kuyatenganisha ni makubwa, kwani mtu hawezi tena kunyosha kidole angani akasema tazameni. Anabaki na Russell ana kwa ana, mmoja akisema kuwapo kwa vitu kunadai sababu, mwingine akisema hakudai, na sijui chaki ya kuwaamulia. Hata atakayeshinda hapo hajafika bado kwa Mungu anayesikia dua. Kati ya sababu ya kwanza na Mola wa babu yangu kuna safari ambayo hakuna mwamuzi aliyeigusa jioni ile.

Kengele ya chakula iligongwa, ikapuuzwa, ikagongwa tena. Mlezi aliyakusanya makaratasi ya alama akiwa amesimama mlangoni. Ustadhi alikuwa amewapa watoa hoja alama nyingi kwa ajili ya Mlipuko Mkuu, padri alikuwa ametupa sisi nyingi kwa kutouogopa, na mwalimu wa fizikia alikuwa ametupa pande zote alama sawasawa, akiandika pembeni kwamba amezitoa kwa lugha tu. Watoa hoja walishinda kwa tofauti ndogo, na ugali ulikuwa umepoa.

Habari iliyomfikia mkuu wa shule ni kwamba padri na ustadhi wamegombana bwaloni mbele ya wanafunzi. Haikuwa kweli, walikuwa wamenyang'anyana chaki tu, na kwa adabu. Marufuku ya mada za dini ikarudi Jumatatu ikiwa na muhuri, na Jumamosi iliyofuata tulijadili iwapo elimu ni bora kuliko mali, waamuzi wakiwa walimu wa zamu.