Ndumba 15 za mchawi wa levo ya 17

Kundi letu la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza visa kwa kurusha dadu, hapa Kisumu hukutana Migosi, kwenye baraza la rafiki mmoja, mbu wakiwa wachezaji wa ziada. Msimamizi wetu alipotangaza kuwa kisa kipya kitaanzia levo ya 17, nilichagua Sorcerer, mchawi aliyezaliwa na uchawi wake. Kwa kanuni za 2014, huyu anajua ndumba (uchawi mmoja mmoja wa kutumia) 15 tu, na kila akipanda levo anaruhusiwa kubadilisha moja.

Nilianzia juu. Ndumba zimepangwa kwa madaraja, na kila ukiitumia moja unakula nafasi ya daraja lake au la juu zaidi. Katika levo hiyo, daraja la 6, la 7, la 8 na la 9 kila moja lina nafasi moja tu kwa siku. Kwa hiyo kila ndumba niliiuliza: adui akikukataa, yaani dadu yake ikimwokoa, itakuwaje? Joka kongwe, mathalani, mara 3 kwa siku hujitangaza limenusurika hata kama dadu imelikana. Dominate Monster, ya kumtawala kiumbe, ikiangukia hapo, nafasi yako ya daraja la 8 imeliwa na huna nyingine. Nikaiacha, nikachukua Power Word Stun. Hii haingoji dadu: kiumbe aliyebakiwa na alama za uhai zisizozidi 150 anaduwaa papo hapo. Msimamizi hasemi uhai umebaki kiasi gani, basi mimi hujumlisha majeraha yote kwenye karatasi, panga kwa panga, mshale kwa mshale.

Kisha suala la umakini, yaani ndumba zinazodumu tu ukiendelea kuzikazia akili. Haste (ya kasi), Fly (ya kupaa) na Polymorph (ya kugeuza umbo) zote zinaudai, na mchawi hashikilii mbili kwa pamoja, kwa hiyo kujaza orodha kwa ndumba za aina hiyo ni kulipia viti usivyoweza kuvikalia. Mass Suggestion, ya kushawishi wengi, ilipita kirahisi kwa kuwa haidai umakini na inafika hadi viumbe 12. Huko madaraja ya chini sikusumbuka: Shield ya kujikinga, Misty Step ya kuhama ghafla, Counterspell ya kuzima ndumba ya mwingine.

Mzozo ulikuwa daraja la 9. Wenzangu walitaka Meteor Swarm, mvua ya vimondo, dadu 40 zimwagike mezani, wastani wa madhara 140. Inasisimua, sikatai. Mimi nilichukua Wish, kwa sababu inaiga ndumba yoyote ya daraja la 8 kushuka chini, hata za makuhani, bila gharama ya vifaa. Ukiiomba jambo lingine nje ya hapo, kuna uwezekano wa asilimia 33 usiweze kuitumia tena maishani. Sijaigusa huko.

Usiku wa kuamkia pambano na joka, kabla ya kulala, niliitumia Wish kuiga Heroes' Feast, karamu ya makuhani, bila lile bakuli la vito la dhahabu 1,000 ambalo ndumba hiyo hudai. Karamu huliwa saa nzima, kisha nguvu zake hudumu saa 24: hofu haikupati, sumu haikudhuru. Tukalala saa 8, nafasi yangu ya daraja la 9 ikarudi, na karamu bado ilikuwa na saa kama 16 mbele. Kuhani wetu alinuna, akasema nimemwibia kazi.