Mwambie daktari wazi kwamba unataka opresheni ya kupunguza uzito

Jamani kama unataka opresheni ya kupunguza uzito usizunguke kwa daktari, unaanza na magoti yanauma sijui mgongo, muda unaisha na hujasema kilichokuleta. Sema mwanzoni kabisa, daktari mi nataka tuongelee opresheni, basi. Unene ni ugonjwa kama presha ilivyo ugonjwa, hujaenda pale kuomba msamaha.

Andika historia yako uende nayo, yani dayati ulizojaribu, dawa unazotumia, kisukari, presha, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, vyote vinahesabika. Zamani walikuwa wanataka BMI, yani kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu wako, iwe 40, au 35 ukiwa na magonjwa mengine, ila mwaka 2022 chama cha kimataifa cha madaktari wa opresheni hizi na kile cha Marekani vikashusha, sasa wanapendekeza kuanzia 35 hata kama huna ugonjwa mwingine, na 30 kwa mwenye kisukari kwa mfano, kwahiyo ukiambiwa hujafikia muulize anatumia kigezo kipi.

Uliza na aina pia. Kuna ile wanaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula na ikishatoka hairudishwi, na kuna ya kuunganisha utumbo upya, ambayo mwenye kiungulia kikali mara nyingi inamfaa zaidi. Vitamini utameza maisha yako yote, hapo msikilize vizuri sana.

Akikudharau, akakujibu tu we punguza kula, omba rufaa uende kwa mwingine, mi nisingesubiri hata kidogo.