Fonti nene ya madoido? Ijaribu kwa "Samaki wa Kukaanga"

Ukitaka kujua kama fonti nene yenye madoido na serifu (vile vijimkia kwenye ncha za herufi) itakufaa kwenye bango la Kisumu, iache ile picha ya matangazo ya fonti yenyewe. Andika "Samaki wa Kukaanga" na uyakuze maneno hayo yajaze skrini. Yana herufi 16: a ni 6, k ni 3. Wachoraji wa fonti hupenda kumwaga ufundi wao kwenye Q, R na &. Hiyo & angalau ina kazi hapa kwetu, maana duka na hoteli nyingi zinaitwa fulani & fulani. Q yenye mkia kama wa tausi utaitumia lini, labda saluni iitwe Queens.

Anza na a ndogo. Kwenye herufi nene mguu wake, yaani ule mstari mnene wa wima, hula nafasi yote, na kijitundu cha tumbo kinabaki kama tone. Kwa fonti iliyochorwa kwenye yuniti 1000 (vipande vidogo ambavyo mchoraji hupimia herufi), unene wa mguu ukiwa 190 hivi, mimi sikubali kijitundu chenye upana chini ya 60. Sasa tazama "aa" ya kukaanga. Matumbo mawili meusi yakisimama bega kwa bega hugeuka jiwe moja, na aliye ng'ambo ya barabara anasoma "kuk-nga". Usitanue neno zima kwa sababu hiyo. Itenge jozi ya a na a peke yake kwa yuniti 10 hadi 15, kisha ufinye kidogo k na a, kwa sababu mkono wa k huacha pengo.

Serifu ndizo zinazoua kazi kwenye stika. Zile herufi nono za mtindo wa Bodoni, zilizoshamiri kwenye mabango ya London mwanzoni mwa karne ya 19, zina miguu minene mno na serifu nyembamba kama uzi. Kwenye karatasi zinapendeza sana. Kwenye mashine ya kukata stika, piga hesabu: herufi kubwa ina yuniti 700, nawe unaikata iwe sentimita 5 kwenda juu, basi yuniti moja ni kama milimita 0.07. Serifu ya yuniti 20 inatoka milimita 1.4. Fundi akianza kung'oa mabaki ya stika yanayozunguka herufi, uzi huo unafuata mabaki. Ukinusurika, ukibandikwa kwenye kioo cha matatu, kitambaa cha kuosha gari kitaumaliza. Sishuki chini ya milimita 2. Fonti hiyohiyo kwa urefu wa sentimita 20 haina tatizo, serifu inakaribia milimita 6.

Kwa herufi ndogondogo chukua ukoo wa Cooper Black, ile ya Oswald Cooper iliyotoka Chicago mwaka 1922. Serifu zake ni nene na za mviringo, hakuna ncha ya kunyanyuka. Wengine wanaiona imechuja. Mimi naona inashika kioo.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwenye skrini. Mkia wa herufi ukipanda juu ya jirani yake, macho yanaona umbo moja lakini mashine inaona mistari miwili, na kisu kinapita katikati ya herufi. Kwenye CorelDRAW, programu ya kuchorea mabango, geuza maandishi kuwa mistari kwa Ctrl+Q, halafu uyaunganishe kwa Weld kabla ya kukata. Ctrl+Q hiyo pia inakuokoa faili likienda kwa fundi asiye na fonti yako. Bila hivyo, kompyuta yake inajichagulia fonti nyingine kimyakimya.

Halafu ng'. Neno kama Nyang'oma au ng'ombe linataka koma ya juu yenye kichwa na mkia, inayofanana na koma ya fonti yenyewe. Kile kijiti kilichonyooka cha kibodi, katikati ya herufi nono, ni kama msumari uliosahauliwa. Kwenye Windows bonyeza Alt na 0146. Kisha angalia sikio la g, kile kijimkia cha juu upande wa kulia: kwenye fonti za madoido hujikunja juu likaigonga koma. Sogeza koma mbele yuniti 20, na o inayofuata uirudishe nyuma kama 40, la sivyo chini ya koma panabaki shimo na neno linasomeka "Nyang oma".

Fundi wa brashi ana shida yake. Rangi ya mafuta ikiwa nzito, kona ya ndani ya serifu hujaa na kijitundu cha a huziba. Achore tundu kubwa kuliko la fonti, kisha apunguze kwa rangi ya ukuta.

Kuhusu ukubwa, kipimo cha kawaida ni sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali. Barabara ya mita 15 inataka 12.5, na kwa herufi za madoido mimi huongeza nusu yake. Herufi kubwa tupu ziishie maneno mawili.

Namba ya till ya M-Pesa usiiandike kabisa kwa fonti hii. 3, 6 na 8 zikinenepa zinafanana, na mteja hatauliza, atatuma. Iandike kwa fonti isiyo na serifu, unene wa kati, chini ya jina, na uiachie nafasi pande zote.