Kumkanda mwenye MS: haraka ndiyo inayoharibu

Mguu wa mwenye maltipo sklerosisi (MS, ugonjwa wa neva) ukikakamaa, kosa si la msuli. Utando unaofunika neva umeharibika, na amri ya ubongo inafika nusunusu. Kukanda hakuurudishi utando huo, anayeahidi hivyo anadanganya. Kunaweza tu kuulegeza msuli kwa muda, na muda huo si haba kwa mtu anayetaka kulala au kuvaa viatu.

Kabla ya kugusa, uliza: kibofu kimejaa? Mkojo unachoma? Kuna kidonda, au nguo inayobana? Lolote kati ya hayo huzidisha mkakamao, na utakanda bure.

Chumba kisiwe na joto, na mafuta usiyapashe. Joto hudhoofisha upitaji wa ujumbe kwenye neva zilizoharibika (daktari wa macho Wilhelm Uhthoff alieleza hali hiyo mwaka 1890), na mtu anaweza kuona ukungu au kuishiwa nguvu hadi apoe.

Sasa shavu la mguu. Mlaze chali, goti limenyooka. Shika kisigino kwa kiganja, unyayo uegemee kigasha chako. Vuta kisigino kuelekea kwako huku kigasha kikisukuma unyayo, polepole, ukihesabu moja hadi tano. Ukihisi ukinzani, tulia hapo sekunde 30 hadi 60. Rudia mara tatu. Wengi huharibu kwa kusukuma ghafla: msuli ukivutwa kwa kasi hujibana wenyewe, na kwa MS breki ya kujibana huko imelegea, basi kifundo kinaanza kupigapiga. Usishindane nacho. Legeza, subiri kitulie, uanze upya.

Penye ganzi, kuuliza "inauma?" hakusaidii, tazama ngozi, na tumia kiganja kizima, si ncha za vidole. Ruka anapochomwa sindano za dawa. Aliyetumia steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) muda mrefu huenda mifupa yake ni dhaifu, kwa hiyo usimkande kwa kiwiko. Shavu la mguu mmoja likivimba na kupata joto, usikande kabisa: huenda ni damu iliyoganda, aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Dakika 20 hadi 30 zatosha, uchovu wa MS hauna mchezo. Ukimaliza kumkanda, akae dakika tano kabla ya kusimama, na mtu awe kando yake. Wapo wanaosimama kwa nguvu ya mkakamao huohuo; ukiuondoa wote, goti linakunjika. Ukiona hivyo, safari ijayo misuli ya mbele ya paja iache.